Pondo, propela au jeti: ni nini hasa kinachosukuma boti?

Jumamosi moja mchana nilikaribishwa kwenye kikao cha kikundi cha watu kumi na wawili hapa Moshi. Ajenda ilikuwa moja tu: kununua boti. Mgeni atacheka, maana huku tunajulikana kwa mlima, kahawa na ndizi, na hata zile boti ziitwazo Kilimanjaro zinakwenda Zanzibar. Huo mlima hazijawahi kuuona. Lakini teremka upande wa Mwanga utalikuta bwawa la Nyumba ya Mungu, lililotokana na kuzibwa kwa mto Pangani katika miaka ya 1960, na huko kuna watu wamesomesha watoto kwa perege na kambale. Tangu serikali ianze kukopesha wavuvi boti za kisasa, habari ya mashine imehamia kila kijiwe.

Kikao kilivunjika bila uamuzi. Mmoja alitaka mashine ya nje, "Yamaha, basi, tufunge mjadala." Shemeji yake, aliyewahi kufanya kazi Mwanza, akasema hakuna kama dizeli ya ndani. Kijana mmoja akazungusha simu yake tuone boti inayokimbia mtoni kwenye maji ya magotini, haina propela. "Aisee mangi, hii ndiyo teknolojia, hizo zenu ni za babu." Mwingine akauliza kwa nini tusifunge umeme wakati jua la kule linachoma hadi mawe. Kila mmoja alikuwa na hoja ya kweli. Tatizo ni kwamba kila mmoja alikuwa anaijibu safari yake, si safari ya boti tunayotaka kununua.

Tuanze na majina, kwa sababu nusu ya ugomvi ilikuwa hapo.

Mashine ya kupachika ni ile inayofungwa nje, kwenye tezi, yaani upande wa nyuma wa chombo: kichwa juu, mguu mrefu katikati, propela chini majini. Wengi wanaiita kwa jina la kampuni, kama tunavyoita kila dawa ya meno Colgate. Injini ya ndani imekaa ndani ya chombo, na chuma kirefu kiitwacho shafti kinapenya chini kwenda kuzungusha propela. Iko na ya kati, injini ndani lakini mguu nje. Hiyo nitaiita ya mguu wa nje. Jeti ni pampu inayofyonza maji chini ya boti na kuyatema nyuma. Propela yenyewe, ambayo kwenye kamusi ni rafadha, ni ndugu wa pangaboi: mabapa matatu au manne yaliyopindwa, yanazunguka na kusukuma. Na hospawa ni kipimo cha kazi ambayo mashine inaweza kuifanya kwa muda fulani. Si kipimo cha mwendo wa boti, na hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Pondo linajua zaidi ya mashine

Mtazame mvuvi mwenye pondo kwenye maji mafupi. Anausimika mti chini, anausukuma, mtumbwi unakwenda. Anachokisukuma ni ardhi, na ardhi haisogei, kwa hiyo jasho lake karibu lote linaingia kwenye mtumbwi. Akifika penye kina, pondo haligusi tena. Anachukua kafi. Sasa anasukuma maji, na maji yanakimbia. Sehemu ya jasho imeusogeza mtumbwi, na sehemu imekwenda kuyakimbiza maji nyuma, kazi ambayo haina faida kwa mtu.

Mashine zote za boti tulizozibishania, ya nje, ya ndani, ya jeti, ya petroli, ya umeme, ni makafi. Hakuna inayosukuma boti moja kwa moja. Zinarusha maji nyuma, na maji kwa kurushwa yanaisukuma boti mbele. Swali la maana ni hili: unarusha maji mengi polepole, au maji machache kwa kasi?

Nitaweka hesabu moja, haina maumivu. Unaweza kurusha kilo 100 za maji kila sekunde kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, au kilo 10 kwa mwendo wa mita 10. Msukumo unaoupata ni uleule, kwa sababu msukumo ni uzito wa maji mara mwendo wake: 100 mara 1, au 10 mara 10. Lakini nishati unayoyaachia maji huhesabiwa kwa uzito wake mara mwendo uliozidishwa kwa wenyewe, kisha nusu yake. Ile ya kwanza ni jouli 50. Ya pili ni 500. Msukumo mmoja, hasara mara kumi, na hasara hiyo umeinunua kwenye kituo cha mafuta.

Ndiyo maana boti ndogo za kuvuta meli bandarini zina propela pana ajabu zinazozunguka taratibu. Na ndiyo maana boti ya starehe yenye propela ndogo inayozunguka kwa fujo inakimbia vizuri ikiwa tupu, lakini ukiipakia magunia inapiga kelele tu. Chombo kinachokwenda kasi kinaweza kutumia maji ya kasi bila hasara kubwa, kwa sababu kinayakimbia maji hayo. Chombo kizito cha mwendo wa pole kinataka kafi pana.

Hata ubora wa propela dhidi ya magurudumu ya makafi uliwahi kubishaniwa kama sisi tulivyobishana. Mwaka 1845 jeshi la majini la Uingereza lilizifunga meli mbili kwa kamba, tezi kwa tezi: Rattler yenye propela na Alecto yenye magurudumu ya pembeni. Zikavutana kama watoto wa shule siku ya michezo. Rattler ikaiburuta mwenzake kinyumenyume kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, huku magurudumu ya Alecto yakichapa maji kwa nguvu zake zote.

Namba mbili zilizochapwa kwenye propela

Shika propela yoyote, itazame karibu na kitovu. Mara nyingi utakuta namba mbili, tuseme 13 na 17. Ya kwanza ni upana wa duara lake kwa inchi. Ya pili ni hatua: umbali ambao ingesogea kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa mti na propela ingekuwa skrubu. Maji si mti, kwa hiyo husogea pungufu ya hapo. Kuteleza kidogo ni kawaida na hakuna propela isiyoteleza.

Hatua ndiyo gia ya boti. Hatua ndefu ni gia ya juu, hatua fupi ni gia ya kwanza. Dereva wa bodaboda anayepanda Kibosho na abiria wawili na mkungu wa ndizi hapandi na gia ya nne. Pikipiki ingekohoa. Lakini watu haohao wakienda kununua propela wanachagua yenye hatua ndefu, kwa sababu muuzaji amewaambia ndiyo ya mwendo. Mashine inalemewa, haifiki mizunguko yake, inakula mafuta, inajaza masizi, na baada ya mwaka mmoja wanasema mashine za siku hizi ni mbovu.

Kuna ugonjwa mwingine wa propela ambao watu wa Moshi wanapaswa kuuelewa kuliko watu wa pwani. Waulize wagumu wanaobeba mizigo mlimani kwa nini maharage hayapikiki kambi ya Barafu, karibu na kilele. Watakwambia maji yanachemka upesi lakini hayaivishi. Kule juu hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji, kwa hiyo yanachemka yakiwa kwenye nyuzi 85 hivi badala ya 100. Hapa mjini Moshi ni kama 97. Punguza mgandamizo, maji yanachemka yakiwa na joto dogo.

Sasa, mgongoni mwa bapa la propela linalozunguka kwa kasi kupita kiasi, mgandamizo hushuka sana, mpaka maji yanachemka yakiwa ya baridi. Si utani. Yanatoka mapovu ya mvuke, mapovu yanasogea mahali penye mgandamizo wa kawaida, yanapasuka kwa ndani, na kila mpasuko ni nyundo ndogo juu ya chuma. Propela iliyoteswa hivyo ina vijishimo kama sufuria iliyoliwa na kutu. Fundi wengi wanasema imegonga mawe. Ukiona vijishimo viko kwenye uso wa bapa na kingo ni nzima, mawe hayahusiki. Propela inazungushwa kuliko uwezo wake, au ni ndogo kwa kazi uliyoipa.

Hili lisichanganywe na lile la propela kuvuta hewa kutoka juu pale mashine inapofungwa juu mno. Hapo injini inapiga yowe ghafla na boti inapoa, kama tairi la gari linalozunguka kwenye matope ya Rombo. Dawa yake ni kuishusha mashine sentimita chache, haihitaji duka.

Na kwa kuwa tumeshapanda mlimani, tulimalize suala la hewa. Mashine ya petroli inahitaji hewa kuchoma mafuta, na hewa hupungua kadiri unavyopanda. Kanuni ya mkononi: kila mita 100 za mwinuko, injini ya kawaida isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu. Nyumba ya Mungu iko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari. Mashine iliyoandikwa 40, kule inafanya kazi kama ya 37. Ziwa Victoria ni mita 1,134, Ziwa Duluti kule Tengeru karibu mita 1,300. Mtu aliyejaribu mashine Tanga akaileta huku hajaibiwa, amepanda tu. Anachohitaji ni propela yenye hatua fupi kidogo.

Mashine ya kupachika

Inasimuliwa kwamba Mmarekani mzaliwa wa Norway, Ole Evinrude, alipiga makasia siku ya joto kali kumletea mchumba wake aiskrimu kutoka ng'ambo ya ziwa, na ikayeyuka kabla hajafika. Mwaka 1909 akawa anauza mashine za kupachika. Hakuwa wa kwanza kuwaza jambo hilo, lakini ndiye aliyelifanya biashara.

Sifa yake kubwa ni kwamba inainuka. Ukikaribia ufukwe unainamisha kichwa, mguu unatoka majini, boti inalala kwenye mchanga. Ikiharibika unaifungua, unaipakia kwenye daladala, inakwenda kwa fundi, boti inabaki. Kwenye bwawa lililojengwa na watu hiyo ni sifa ya kufa na kupona, kwa sababu maji ya bwawa hayatulii mahali pamoja. Kiangazi yanarudi nyuma, visiki vya miti iliyozama vinasogea karibu na uso, na pale ulipoegesha mwezi wa tano, mwezi wa kumi ni tope.

Zipo za mipigo miwili na mipigo minne. Za mipigo miwili za zamani ndizo zile za kuchanganya oili na petroli, kwa nyingi lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli, na moshi wake wa buluu unaujua kama uliwahi kufuatana na pikipiki za zamani. Ni nyepesi, zina nguvu, kila fundi anazijua. Lakini za kabureta humwaga karibu robo ya petroli bila kuiunguza. Inatoka na moshi, inaingia majini wanakoogelea perege wako. Za mipigo minne zina oili yake pembeni kama bodaboda za sasa, hazina fujo, zinakula kidogo, ila ni nzito na bei inauma. Kwa anayetoka kila siku, nisingefikiri mara mbili. Kwa anayetoka mara moja kwa wiki, ile ya zamani bado ina utetezi.

Nyuma ya mashine ya kupachika inatoka kamba nyembamba ya maji inayoruka pembeni. Mafundi wanacheka kwamba mashine inakojoa. Huo mkojo ndio dalili kwamba maji ya kupoza injini yanapita. Ukikatika, zima hapohapo, hata kama abiria wana haraka. Nailoni moja ya madukani au majani kidogo kwenye tundu la kunyonyea yanatosha kuua mashine ndani ya dakika chache. Na ukinunua iliyotumika baharini, uliza kwanza kama ilikuwa inasuuzwa kwa maji baridi. Chumvi huganda kwenye hivyo vijia vya ndani na hakuna anayeiona kwa nje.

Niseme na la kwangu. Miaka kadhaa iliyopita tulitoka bwawani na kimashine kidogo cha hospawa 5. Tukagonga kisiki, pini ya propela ikakatika. Hiyo pini ni ya chuma laini na imetengenezwa ili ikatike: propela ikigonga, pini inakufa, gia zinapona. Ni fyuzi. Hatukuwa na ya akiba. Mwenyeji wetu akachukua msumari wa inchi nne, akaukata kwa plaizi, akaugongomea mle. Ukaingia vizuri, nikamsifu kwa ubunifu. Nusu saa baadaye tukagonga tena, na safari hii msumari haukukatika. Kilichokatika kilikuwa ndani ya mguu. Tukasikia kitu kama mtu anatafuna mawe, halafu kimya. Tulirudi kwa makafi, saa mbili na nusu, jua la utosi. Yule bwana alikuwa ameweka waya kwenye fyuzi, jambo ambalo nyumbani kwangu ningemkataza mtu kulifanya, na mimi nilikuwa nimekaa pale nampongeza. Mashine kubwa kidogo hazina pini, zina mpira ndani ya kitovu unaofanya kazi hiyohiyo. Ukianza kuteleza, injini inanguruma na boti haiendi.

Injini ya ndani

Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: omo ni mbele ya chombo, ngama ni chini tumboni mwake. Injini ya ndani imelielewa hilo, imekwenda kukaa ngamani kabisa. Uzito uko chini na katikati, chombo kinatulia. Mara nyingi ni dizeli, na hapa shemeji wa Mwanza alikuwa na haki ya kutamba: ukifungua mafuta mpaka mwisho, mashine ya petroli ya hospawa 40 inakula lita 15 hivi kwa saa, dizeli ya nguvu hiyohiyo karibu nane. Injini inaweza kuzungusha propela pana taratibu, na tumeshaona kwamba chombo kizito kinataka hivyo. Kwa boti la kubeba mizigo au abiria, linalotembea saa nane kila siku kwenye maji marefu, sioni mashindano. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyoundwa Ujerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilianza kwa mvuke na ikabadilishiwa dizeli baadaye. Injini zimebadilika. Kazi ya kusukuma ilibaki ya propela.

Lakini shafti inapita kwenye tundu chini ya maji. Mahali hapo pana kifungio, na vile vya kizamani hupaswa kudondosha matone machache injini inapozunguka ili kipoe. Mtu asiyejua akiona tone anakaza. Akikaza sana shafti inaungua. Na propela haiinuki. Kisiki kilichotukatia pini sisi, kwa injini ya ndani kingekunja shafti, na shafti iliyokunjika inataka chombo kitolewe majini kizima. Mwanza kuna mitambo ya kutolea vyombo. Nyumba ya Mungu kuna mabega ya watu.

Ya mguu wa nje haitatuchukua muda. Ililetwa sokoni mwaka 1959 na Volvo Penta wa Sweden ikiunganisha nguvu ya injini ya gari na mguu unaoinuka. Kwa maji safi na fundi wa karibu ni kitu kizuri. Ina mpira wa mikunjo unaoziba pale mguu unapotokea, na siku mpira huo ukipasuka bila wewe kujua, boti inazamia gatini usiku. Kwa huku siipendekezi. Podi, ambazo ni miguu inayojigeuza chini ya boti, nyingine propela zikiwa zimetazama mbele, ni za boti za matajiri. Nimezitaja ili ukizisikia usidhani umepitwa.

Jeti, na ile video

Turudi kwa kijana. Boti aliyotuonyesha ni ya kweli, na chimbuko lake ni mahali panapofanana na matatizo yetu: mito ya maji mafupi yenye mawe huko New Zealand. Mkulima na mhandisi William Hamilton alitaka boti ya kupita kwenye mito hiyo ambako propela ingegonga mawe, na katika miaka ya 1950 akaboresha pampu ya kutema maji juu ya usawa wa mto, nyuma ya boti. Mwaka 1960 boti zake zilipanda mto Colorado, Marekani, kupitia bonde la Grand Canyon, zikiukabili mkondo.

Watu husema jeti haina propela. Inayo, imefichwa ndani ya bomba. Hivyo haimkati muogeleaji wala haigongi kisiki, na boti inaweza kupita kwenye maji ya kina cha shubiri mbili. Gharama yake umeshaijua kutoka kwenye hesabu ya jouli: jeti inarusha maji machache kwa kasi kubwa. Ikikimbia kilomita 50 kwa saa na kuendelea, inashindana vizuri na propela. Ikitembea taratibu na mzigo wa nyavu, ni mtu anayesukuma gari kwa kidole kimoja.

La pili, ni mnyonyaji. Kila kilicho chini ya boti kinavutwa: mchanga, majani, uzi wa nyavu. Kwenye Ziwa Jipe, ambako magugu yamelifunika eneo kubwa, ungeshinda unachokonoa chujio. La tatu ndilo la hatari: boti ya jeti inageuka kwa kugeuza maji yanayotemwa. Ukiachia mafuta kwa woga unapoona kitu mbele, maji hayatemwi, na usukani unakuwa pambo. Mtu wa bodaboda akiogopa anaachia mafuta. Kwenye jeti ndiyo kosa lenyewe.

Kama shida ni maji mafupi, wavuvi wa Thailand walishaitatua kwa njia rahisi kuliko hiyo. Wanachukua injini yoyote, wanaifunga juu ya tezi kwenye mhimili unaozunguka, wanaiunganisha na shafti ndefu yenye propela ndogo mwishoni. Ukiona kisiki unanyanyua mkia. Ina kelele, haina adabu, na inafanya kazi. Ajabu ni kwamba hakuna aliyeitaja kikaoni.

Umeme na magunia matatu ya mahindi

Motori ya umeme ina mambo mengi mazuri. Haijali mwinuko, kwa kuwa haivuti hewa. Inatumia karibu asilimia 90 ya umeme inaopewa, wakati injini ya petroli inageuza kazi robo tu ya mafuta na kupasha moto dunia kwa yaliyobaki. Inaweza kuzungusha propela pana taratibu bila kulalamika. Haina moshi.

Kinachoiangusha ni betri. Dumu la lita 20 la petroli lina nishati ya karibu yuniti 180, zile yuniti za luku. Injini ikitumia robo, umepata yuniti 45 za kazi. Kuzipata kwa umeme unahitaji betri ya yuniti 50, na kwa betri nzuri za lithiamu hizo ni zaidi ya kilo 300. Dumu lenyewe lina kilo 15. Kwa hiyo, kabla hujapakia wavu hata mmoja, umepakia magunia matatu ya mahindi.

Na jua? Meta moja ya mraba ya paneli inatoa kama wati 200 jua likiwa kali. Lifunike boti lote la mita 7 kwa 2, toka omo mpaka tezi, utapata wati 2,800 saa sita mchana, ambazo hazifiki hospawa 4. Wingu likipita, chukua kafi.

Lakini Ziwa Duluti, dogo, ambako watu wanakwenda kupiga makasia na kutazama ndege msituni, hospawa mbili za kimya kwa saa tatu zinatosha na kubaki. Hapo petroli ndiyo ingekuwa ujinga.

Mawili yaliyobaki

Mashine kubwa si lazima iwe mwendo. Chombo kisichoinuka juu ya maji kina kikomo kinachotokana na urefu wake. Mtumbwi mzito wa mita 7 hukwama karibu na kilomita 12 kwa saa. Zaidi ya hapo unapanda kilima cha wimbi lake wenyewe, tezi inadidimia, omo inatazama mbinguni, na mafuta yanakwisha. Ukitoa mashine ya 15 ukaweka ya 40 hapo, umenunua kelele. Boti yenye tumbo lililoundwa kwa hilo, kama lililo bapa, ndiyo inayoweza kukiruka kilima hicho na kuteleza juu yake.

Na mashine mbili si salama mara mbili ikiwa zinanyonya tangi moja. Maji yakiingia kwenye petroli zinazima pamoja, kama mapacha. Afadhali moja nzuri, ndogo ya akiba yenye tangi lake, na makafi. Ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine, inayofungwa mkononi mwa nahodha, nimeona watu wakiifunga kwenye benchi. Nahodha akianguka majini, boti haijui. Inazunguka na kumrudia, propela ikiwa inafanya kazi.

Kikao cha pili kilikuwa kifupi. Mama mmoja anayekausha samaki, ambaye mara ya kwanza hakusema neno, aliuliza: "Jamani, hiyo boti itabeba kilo ngapi, na mwezi wa kumi maji yatakuwa umbali gani na pale tunapoegesha?" Wakakaa wakajibu hayo mawili. Ikapatikana boti ya faiba ya mita 7 yenye tumbo bapa, na mashine ya kupachika ya mipigo minne, hospawa 40.

Siku ya majaribio tulijaza viroba vya mchanga mpaka uzito wa watu sita na mzigo wao. Kitabu cha mashine kilisema ikibanwa mpaka mwisho izunguke kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika. Mita ikagoma kwenye 4,700. Kijana wa jeti akaanza kutabasamu. Fundi hakusema kitu. Akainua mguu, akafungua nati, akatoa propela ya hatua ya 13, akafunga ya 11, akafuta mikono kwenye suruali. Tukatoka tena. Mita ikapita 5,000, omo ikashuka, boti ikalala juu ya maji.

"Sawa," shemeji akasema, "ila dizeli ingekula kidogo."